Ratiba ya Gari la Taka Imfikie Kila Mtu: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Tovuti ya Kampuni ya Usafi

Mzee mmoja wa Gungu, asiyeona, ndiye aliyenirudisha kwenye kazi niliyokuwa nimeshaikabidhi. Nilikuwa nimetengeneza tovuti ya kampuni ya kukusanya taka hapa Kigoma: kijani kibichi kila mahali, picha ya gari juu, ratiba ya kata zote katikati. Siku nilipopita kwake alikuwa barazani. Akafungua tovuti kwenye simu yake, akaiweka sikioni, akatelezesha kidole mara nne tano, kisha akanipa simu nisikilize mwenyewe. "Mwanangu, inaniambia picha. Nikisogea, picha tena. Sasa siku ya Gungu iko wapi?"

Siku ya Gungu ilikuwa ndani ya ile picha. Ratiba nzima ilikuwa bango lililochorwa ofisini, nami nikalipandisha kama lilivyo. Kwake, ratiba haikuwepo kabisa.

Nimefanya marekebisho mengi tangu siku hiyo, na nayaandika hapa kwa mpangilio ninaoufuata. Kampuni ya taka haina mambo mengi mtandaoni. Watu wanakuja kutafuta mambo matatu: gari linapita lini mtaani kwangu, nalipaje ada, na nimwambie nani likikosa kupita. Hayo matatu yakisomeka, yakisikika na kubonyezeka na kila mtu, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Na mwenye ulemavu anayahitaji kuliko jirani yake. Asiyeona au anayetumia kiti mwendo hawezi kulikimbilia gari lililokwisha kukata kona na kiroba mkononi.

Vipimo nitakavyovitaja vinatoka WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, yaani tovuti kutumika na kila mtu hata mwenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya mtandao. Toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, na daraja la kulenga ni AA, la kati katika madaraja yake matatu. Mwenye kampuni akikuuliza haya yametoka wapi, mwambie Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao ibara yake ya 9 inautaja mtandao wa intaneti waziwazi, kisha tukawa na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Hatua ya 1: Isikilize tovuti kabla hujagusa msimbo

Chukua simu ya Android. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu, washa TalkBack, ambayo ni kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na hapohapo washa njia ya mkato ya kuizima kwa kubonyeza na kushikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, usije ukashindwa kutoka. Hakikisha sauti inayosoma ni ya Kiswahili. Kutelezesha kidole kulia kunakupeleka kwenye kitu kinachofuata, kushoto kunakurudisha, kugonga mara mbili kunafungua. Jizoeze dakika kumi.

Sasa funga macho na ufanye kazi tatu: tafuta siku ya gari ya Buzebazeba, tafuta namba ya kulipia, tuma malalamiko kwamba gari halikupita. Andika kila mahali ulipokwama. Usirekebishe kitu, andika tu. Orodha hiyo ndiyo mpango wako wa kazi.

Kwenye kompyuta ya Windows tumia NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Halafu weka kipanya pembeni na ujaribu tovuti kwa kibodi peke yake: Tab ya kusonga mbele, Shift na Tab ya kurudi nyuma, Enter ya kufungua. Wakati wote uone wazi umesimama wapi. Fremu inayozunguka kitufe ulichofikia mara nyingi huondolewa na mafundi kwa sababu wanaiona inaharibu sura. Irudishe. Mtu asiyeweza kushika kipanya anaongozwa na hiyo.

Hatua ya 2: Iambie mashine kwamba huu ni Kiswahili

Hili ni neno moja tu kwenye msimbo, na sijaona kosa dogo linaloumiza kama hili. Violezo vingi vya tovuti vinakuja vimeandikwa juu kabisa kwamba lugha ya ukurasa ni Kiingereza. Kisoma skrini kinaamini, kinachukua sauti ya Kiingereza na kuanza kusoma maneno yetu nayo. "Taka" inatoka kama "teika". "Gari litapita Jumanne" inakuwa mlolongo wa sauti usioshikika. Aliyezoea simu yake atadhani tovuti imeharibika, naye hana kosa.

Fungua faili la kichwa cha tovuti, tafuta tagi ya html, na pale palipoandikwa lang="en" weka lang="sw". Kama kuna aya ya Kiingereza kwa ajili ya wageni au wafadhili, ipe aya hiyo peke yake lang="en". Sikiliza tena kwa sikio lako.

Hatua ya 3: Itoe ratiba ndani ya picha

Hapa ndipo pa kutulia. Kwa kampuni ya taka, ratiba ndiyo tovuti yenyewe.

Iandike kwa maandishi halisi. Ukitumia jedwali, vichwa vya safu viwe vichwa kweli kwenye msimbo, yaani tagi ya th yenye scope, ili msikilizaji akifika kwenye kisanduku cha "Ijumaa" aambiwe pia ni safu ya siku. Usiunganishe visanduku viwili kuwa kimoja ili kuokoa nafasi. Jicho linaelewa, kisoma skrini mara nyingi kinapoteza mpangilio.

Kwa simu ndogo, mimi naliacha jedwali na kuipa kila kata kichwa chake na sentensi chini yake. Mfano wa mpangilio ni huu:

Gungu
Gari linapita Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 asubuhi. Weka taka kando ya barabara kabla ya saa 1.

Bangwe
Gari linapita Jumatano, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5 asubuhi.

Kila kata ikiwa kichwa, asiyeona anaruka kutoka kichwa hadi kichwa, Gungu, Bangwe, Kibirizi, mpaka afike kwake, bila kusikiliza mji mzima. Hiyo ndiyo kazi ya vichwa kwenye tovuti. Maandishi yaliyokuzwa na kukolezwa tu si kichwa, ni maandishi makubwa.

Sasa mambo yetu wenyewe, ambayo hutayakuta kwenye miongozo ya nje. Tunapenda kufupisha siku: J3, J4, J5. Kisoma skrini kinasoma herufi na namba, na msikilizaji anapata "J tatu" kama jina la dawa. Andika Jumatatu, Jumanne, Jumatano kwa ukamilifu. Saa pia: ukiandika 07:00, bibi anayeijua saa 1 asubuhi anaweza kusubiri gari saa 7 mchana. Andika saa ya Kiswahili na utaje asubuhi, mchana au jioni. Na fedha: "5,000/=" inaweza kusomwa pamoja na mkwaju na alama ya kulinganisha. "Shilingi 5,000" inasikika kama anavyoongea mtu sokoni.

Bango lile la ofisini lilikuwa limepaka kila siku rangi yake, nyekundu kwa Jumanne, kijani kwa Alhamisi, na ufunguo wa rangi kwenye kona. Asiyetofautisha nyekundu na kijani halimsaidii. Rangi iwe nyongeza tu. Maana yote ibebwe na neno.

Ukitaka bango libaki kwa ajili ya kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp, liache, ila chini ya maandishi. Maandishi mbadala yake (alt), yaani maneno ambayo kisoma skrini kinayasoma badala ya picha, yawe mafupi: "Bango la ratiba ya kata zote, maelezo yote yameandikwa juu ya ukurasa huu." Picha ya mapambo tu, mathalani jani lile la kijani ambalo kila kampuni ya usafi inalo, ipe alt="" tupu ili kisoma skrini kiiruke. Ile ya gari lenu iandikie kinachoonekana na chenye manufaa: "Gari la kampuni, la rangi ya bluu, lenye jina ubavuni." Hapo mwenye uoni hafifu anajua atafute rangi gani barabarani.

Matangazo ya PDF: barua iliyopigwa muhuri kisha ikaskaniwa ni picha, hata kama jina lake linaishia na pdf. Andika maudhui yake kwenye ukurasa, barua iwe kiambatisho.

Hatua ya 4: Namba ya malipo

Namba ya malipo ikiwa ndani ya picha, asiyeona hawezi kulipa bila kumpa mtu mwingine simu yake, na simu ndiyo yenye fedha zake. Mtu mzima asilazimishwe kumkabidhi mtoto wa jirani simu na namba ya siri kwa ajili ya ada ya taka.

Iandike kwa maandishi. Namba ndefu iliyoandikwa mfululizo mashine inaweza kuisoma kama kiasi, mabilioni na mamilioni, na hakuna atakayeishika. Igawe kwa nafasi, tarakimu tatu au nne kwa kila fungu. Lakini nafasi hizo zinaweza kuleta shida wakati wa kubandika kwenye menyu ya malipo, kwa hiyo weka kitufe cha "Nakili namba ya malipo" kinachonakili namba bila nafasi. Kitufe hicho kiwe button halisi, si neno lililopakwa rangi. Kikibonyezwa, ujumbe "Namba imenakiliwa" utokee kwenye sehemu yenye role="status", kwa sababu ujumbe unaotokea kimya kwenye kona ya skrini asiyeona hataujua.

Hapohapo andika hatua za kulipa kwa simu ya kitochi, moja baada ya nyingine, kuanzia kupiga menyu ya malipo hadi kupokea ujumbe wa uthibitisho. Nyumba nyingi zina simu janja moja, na mara nyingi iko mfukoni mwa mtu aliyekwenda kazini.

Hatua ya 5: Fomu ya malalamiko

Tatizo la kwanza la fomu ni lebo. Mafundi tunapenda kuandika "Jina lako" kwa kijivu ndani ya kisanduku, kisha maneno yanapotea mtu akianza kuandika. Mwenye kusahau anasahau alikuwa anajaza nini, na baadhi ya visoma skrini havitamki chochote. Weka lebo juu ya kisanduku, nje, na uifunge nacho kwa tagi ya label.

Kosa likitokea, lisemwe kwa maneno karibu na kisanduku chenyewe. Mpaka mwekundu peke yake hausemi kitu. "Namba ya simu imepungua tarakimu moja" inamsaidia mtu. "Taarifa si sahihi" inamrudisha mwanzo. Na ikubali namba ya simu ijavyo, iwe na 0 mbele, 255 au alama ya kujumlisha, na nafasi katikati. Kusafisha namba ni kazi ya kompyuta.

Kapcha ya kuchagua taa za barabarani au kusoma herufi zilizopinda, iondoe. Inafungia nje asiyeona, na huku kwetu hata anayeona inamsumbua kwenye skrini ndogo. Tumia kisanduku cha mtego kilichofichwa kwa watu na kwa visoma skrini. Roboti inakijaza, nawe unaitupa fomu hiyo. Kwa tovuti ya ukubwa huu inatosha.

Mahali pa nyumba panataka fikra zaidi. Fomu nyingi zinamtaka mtu abonyeze ramani. Ramani ya kubonyeza ni ukuta kwa asiyeona na kwa mwenye mikono inayotetemeka. Weka orodha ya kuchagua kata na mtaa, kisha kisanduku chenye lebo "Tuelekeze nyumba yako kwa maneno." Watu wetu wanaelekeza vizuri kuliko ramani: "Nyuma ya msikiti, geti la bluu, kuna mwembe." Dereva atafika.

Na ongeza swali moja ambalo kwa maoni yangu linazidi hatua zote za kiufundi kwa thamani: "Je, mnahitaji taka zichukuliwe mlangoni?" Jibu ni ndiyo au hapana. Usiulize ni ulemavu gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na dereva hahitaji kujua ugonjwa wa mtu ili ashuke achukue kiroba. Lakini kabla hujaliweka swali hilo, kaa na mwenye kampuni na madereva mkubaliane nani atalipokea jibu na litafikaje garini. Swali lisilo na mtu wa kulijibu linamuumiza mtu mara mbili.

Hatua ya 6: Rangi, ukubwa na jua la mchana

Kampuni za usafi zinapenda kijani chepesi juu ya nyeupe. Nilichukua kijani chenye msimbo #8BC34A nikakipima: uwiano wake wa utofauti na nyeupe ni kama 2.1 kwa 1. WCAG inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Kijani kilichoiva, #1B5E20, kinatoa karibu 7.9. Bado ni kijani, bado ni rangi ya kampuni, na anayesoma simu juani pale mwaloni Kibirizi anaona.

Wenye ualbino wana uoni hafifu na mwanga mkali unawaumiza macho. Wengi wanasoma kwa kukuza maandishi na kusogeza simu karibu na uso. Angalia kwenye msimbo kama kuna user-scalable=no au maximum-scale=1; ondoa, maana inazuia mtu kukuza ukurasa kwa vidole. Kisha kuza mpaka asilimia 200 uone kama maneno yanapandana au kukatika. Vitufe viwe vikubwa: WCAG 2.2 inataka angalau pikseli 24 kwa 24, mimi nafanya 44.

Viungo vya "Bofya hapa" vibadilishe viwe "Lipa ada ya mwezi" na "Toa taarifa gari halijapita." Asiyeona anaweza kuviorodhesha viungo peke yake, na "bofya hapa" sita mfululizo hazimwambii kitu.

Hatua ya 7: Wasiosikia

Gari la taka linajitangaza kwa honi. Nyumba nzima inatoka na viroba ikisikia honi, na kiziwi anayeishi peke yake anajua gari limepita akiona barabara imeshakuwa nyeupe. Kwa hiyo tovuti pekee haimtoshi. Mpe mahali pa kujiandikisha apate ujumbe mfupi jioni ya kuamkia siku ya gari, na mwingine gari likichelewa au kuharibika.

Mawasiliano yasiwe namba ya kupiga tu. Andika wazi: "Unaweza kutuma ujumbe mfupi au WhatsApp kwa namba hii, tunajibu kwa maandishi," na ofisini awepo mtu anayejibu kweli. Video zote ziwe na maandishi chini.

Kwa viziwi wengi Lugha ya Alama ndiyo lugha ya kwanza, na Kiswahili cha maandishi kinakuja baadaye. Sentensi fupi zinawafaa: jambo moja, sentensi moja. Ukiweza, rekodi video ya dakika moja au mbili ya Lugha ya Alama inayoeleza ratiba na malipo. Tafuta mkalimani kupitia Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na umlipe kama unavyomlipa fundi mwingine.

Hatua ya 8: Kaa na watumiaji wenyewe

Zana za kukagua ufikivu wa tovuti kama WAVE, axe na Lighthouse ni za bure na zitakuonyesha lebo zilizokosekana na rangi hafifu ndani ya dakika moja. Zitumie, lakini usiridhike nazo. Zitaona kwamba picha ina maandishi mbadala; hazitajua kama yameandikwa "picha1".

Tafuta watu watatu au wanne kupitia vyama vya watu wenye ulemavu mkoani: asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, na mtu ambaye mikono inamsumbua. Watumie simu zao, si yako, kwa sababu kila mmoja ameipanga simu yake anavyoizoea. Wape nauli na malipo ya muda wao. Wape zile kazi tatu za Hatua ya 1, kisha nyamaza. Kunyamaza ni kugumu. Kidole chako kitataka kuonyesha kitufe kilipo. Ukionyesha, umepoteza ulichokuja kukitafuta.

Niliporudi Gungu na tovuti mpya, mzee aliipata siku yake haraka, ila alikwama kwenye malipo: kitufe cha kunakili kilikuwa kinajitaja "kitufe" tu, bila jina, kwa sababu nilikuwa nimeweka alama ya karatasi mbili badala ya neno. Zana zangu niliziendesha kabla sijaongeza kitufe hicho. Nikairekebisha palepale barazani kwa kompyuta mpakato, akajaribu tena, akalipa mwenyewe.

Hatua ya 9: Anayebaki na tovuti

Wewe utaondoka, karani atabaki. Siku gari likiharibika, karani ana haraka, simu zinalia, na kilicho karibu ni kupiga picha ya tangazo la ubaoni na kuipandisha. Hapo kazi yote inarudi ilikoanzia. Kwa hiyo mwandalie sehemu ya tangazo juu ya ukurasa wa kwanza inayokubali maandishi pekee, isiyo na nafasi ya kuweka picha, na ifungwe na orodha ya ujumbe mfupi ili akiandika mara moja yafike kote. Kaa naye aiandike mara mbili tatu ukiwepo. Kisha mbandikie ukutani, juu ya meza yake, sentensi ya kufuata:

"Gari la Gungu halitapita leo Jumanne. Litapita kesho Jumatano, kuanzia saa 1 asubuhi. Ukihitaji kuchukuliwa taka mlangoni, tuma ujumbe kwa namba ileile."